Kengele Tatu Kutoka Sebuleni

Wiki jana nilipeleka sare zangu za kazi kwa fundi cherehani aliye chini ya jengo letu hapa Fereej Bin Mahmoud, Doha, anipunguzie urefu. Ni mzee wa Kibangali asiye na maneno mengi. Alikuwa ameilaza mashine yake ubavu, anaidondoshea mafuta tone baada ya tone kutoka kwenye kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba. Harufu ilinifikia kabla sijamsalimu. Mafuta ya cherehani si harufu ya kumtisha mtu. Wengi huwakumbusha nguo mpya za Krismasi. Mimi nilishika ukingo wa meza, na yule mzee, akidhani ni joto, akanivutia kiti na kunigeuzia feni.

Halikuwa joto. Ile ilikuwa harufu ya mikono ya baba yangu, Ijumaa mchana, nilipokuwa mtoto katika mtaa huu huu. Kwa miaka mingi nimeikwepa. Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yangu, na kwa kuwa ninyi hamnijui wala hatutakutana kwenye lifti, nitawaambia.

Tulihamia Doha nilipokuwa na miaka saba. Mama ndiye aliyepata kazi, uuguzi, na sisi wawili tukamfuata kwa viza yake. Wanaume wa kanisani walimtania baba kwamba ameolewa, tena ametoroshwa hadi Uarabuni. Alicheka nao. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kusikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu, na baada ya miezi kadhaa alipata kazi ya ulinzi kwenye geti la makazi ya wazungu, kuinua na kushusha kile chuma kinachozuia magari. Kabla ya hapo, Kenya, alikuwa stesheni masta wa kituo kidogo cha nyikani, chenye tangi la maji, nyumba tatu za wafanyakazi na mbuzi wasiojulikana ni wa nani. Jina la kituo silitaji. Kwa nini aliacha kazi hiyo sikuwahi kuuliza. Nilisikia watu wazima wakisema reli ilikufa, nami nikaona hilo latosha. Kitu kikifa, waliokuwa wakikitumikia hutawanyika.

Treni zilitujia kupitia geti lile. Doha ni mji wa watu wanaoondoka. Mkataba ukiisha, mtu hupewa siku chache za kufungasha maisha yake yote kwenye masanduku mawili, na yale yasiyoingia humwachia mlinzi: mito, sufuria, baiskeli za watoto, mti wa Krismasi wa plastiki. Mzee mmoja Mwingereza, mhandisi aliyekuwa anastaafu, alikuwa amemwona baba akipunguza mwendo kila alipopita mbele ya gereji yake ikiwa wazi. Siku ya kuondoka alimletea sanduku la ngozi. Ndani mlikuwa na treni za bati zilizotengenezwa kabla baba yangu hajazaliwa, zile zenye springi ya kukazwa kwa ufunguo: injini moja ya kijani na moja nyeusi, mabehewa ya mizigo, na reli za vipande vipande vya kuchomekana.

Mama alipoona mumewe amerudi kutoka kazini na treni za kuchezea alicheka hadi akakaa chini.

Lakini baba hakuwa anacheza. Alianza kukusanya. Kila alipopata nafasi alipita kwa muuza vitu vya kale sokoni, na kwa watu waliokuwa wakifungasha, akiuliza kwa adabu kama kuna treni ya zamani. Baada ya miaka miwili alikuwa na injini saba, kila moja imefungwa kwenye foronya kuukuu na kulazwa chini ya kitanda chao. Alinifundisha kuzitunza. Usipake rangi upya, hata kama kutu imekula herufi, kwa sababu rangi yake ya kwanza ndiyo umri wake. Mafuta ya cherehani tone moja kwa kila ekseli ya magurudumu, kwa ncha ya sindano, si zaidi. Na juu ya yote, usiilaze treni springi yake ikiwa imekazwa. Springi ikikaa imekazwa huchoka, na ikichoka haina fundi. Kila Ijumaa, kabla ya kuzifunga, alizigeuza moja moja magurudumu juu, akaachia breki, akangoja zizunguke hadi zinyamaze zenyewe. Sauti ile naikumbuka kuliko nyimbo zote za kanisani.

Ijumaa ilikuwa siku ya kanisa na siku ya reli. Sisi Wakristo wa hapa husali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Hata Sunday school yetu ilikuwa ya Ijumaa, na hakuna aliyeona ajabu. Tulirudi nyumbani kabla ya adhana ya adhuhuri, barabara tupu na jua utosini, na baba akapiga magoti kutandika reli. Ilianzia sebuleni chini ya meza ya televisheni, ikafuata korido, ikapinda kona, ikaishia chumbani kwangu chini ya kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Njia ilikuwa moja tu. Sebuleni kulikuwa stesheni yake na chumbani kulikuwa stesheni yangu, na kwa sababu ya ile kona hatukuonana.

Tulifanya kazi kama reli ya kweli. Kila mmoja wetu alikuwa na kengele ya mezani, zile za mapokezi ya hoteli. Mara mbili maana yake njia iko wazi, leta treni yako. Mara tatu maana yake mimi ndiye ninayetuma, wewe subiri. Na juu ya kengele kulikuwa na pete. Ilikuwa pete ya shaba ya kuning'inizia pazia, aliyoipiga msasa hadi ikang'aa, naye aliiita tokeni. Treni inayoingia njiani sharti iwe imeibeba, na kwa kuwa pete ni moja, treni mbili haziwezi kukutana. Treni yake ilipofika kwangu niliitoa pete kwenye behewa la kwanza, nikahesabu hadi ishirini, nikaihamishia kwenye treni yangu, nikapiga kengele mara tatu na kuachia breki. Kazi ikiisha, pete ilitundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Watoto wa jirani walioalikwa kuona treni hawakurudi tena. Walitaka zikimbie zigongane, wakakuta watu wanapeana ruhusa.

Mgeni wetu wa kudumu alikuwa Anko Wafula, mlinzi mwenzake baba, mtu wa Bungoma. Aliishi kambini Industrial Area, wanaume sita chumba kimoja, na kila Ijumaa alipanda mabasi mawili kuja kwetu kusonga ugali, kwa sababu ugali wa mama, alidai, ulikuwa uji uliokata tamaa. Hakuishiwa na maneno. Behewa lilipotoka relini pale konani, alipaza sauti kutoka jikoni, "Ajali haina kinga, Mzee!" Na baba, bila kukosa, aliinua ile pete. "Ina kinga," alijibu. "Kinga yake ndiyo hii." Nilidhani ni utani wao tu. Niliuzoea kama mtu anavyozoea kuitika amina.

Sasa niwaeleze habari ya siku yangu ya kuzaliwa. Nyumbani kwetu haikusherehekewa siku yake. Keki yangu ilikuja siku ya pili yake, kila mwaka. Siku yenyewe baba aligeuka mtu mwingine: alivaa viatu tangu asubuhi kama anayetaka kusafiri, akakaa kwenye kiti, na hakutia kitu kinywani hadi jioni. Nilipomuuliza mama alisema, "Baba yako hapendi kelele siku hiyo. Kesho utakula keki mpaka uumwe na tumbo." Shuleni nilidanganya tarehe ili nisiulizwe maswali. Mtoto akinyimwa sababu hujitungia yake, na mimi niliitunga yangu: kwamba baba alitaka mvulana, na kila mwaka siku hiyo hukumbuka hasara yake.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi, siku hiyo iliangukia Ijumaa. Mama alikuwa zamu hospitalini. Tulitoka kanisani mimi na baba, na tulipofika nyumbani hakutandika reli. Alikaa na viatu vyake, akitazama ukuta. Nilizunguka mbele yake mara tatu nne. Nilimletea maji, akasema asante. Nilimletea kitabu changu cha hesabu chenye alama nzuri, akasema vizuri. Hakuna kingine. Basi nilipopita mlango wa jikoni niliitwaa ile pete kwenye msumari na kuitia ndani ya mkoba wangu wa shule. Nilitaka anitafute, na nikaona njia rahisi ni kuficha kitu ambacho angekitafuta.

Anko Wafula alifika na pakiti ya biskuti na puto moja.

"Mami, happy birthday! Kumi si mchezo." Akageuka. "Mzee, imekuwaje leo? Reli imegoma?"

"Leo hapana, Wafula," alisema baba.

"Aah, wacha hizo. Mtoto anafika kumi na wewe umenuna hivyo? Hii siku huja mara moja tu kwa mwaka. Yalla, tandika."

Baba alinitazama. Nakumbuka mtazamo huo kwa sababu nilikuwa nimeungoja tangu asubuhi. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akavua viatu, akaenda kuleta sanduku la ngozi, akapiga magoti. Moyo wangu ulijaa. Laiti ningekimbia wakati huo huo kuirudisha pete. Lakini alikuwa amekwisha fika kwenye msumari, naye akawa anapapasa ukuta kwa kiganja.

"Mghoi, pete umeiona?"

"Sijaiona, Baba."

Aliitafuta. Aliinua mito ya makochi, akavuta friji, akamulika tochi chini ya jiko. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuielewa, kwa ajili ya pete ya pazia tu. Mwishowe alisema bila tokeni hatuendeshi, na akaanza kuchomoa reli.

"Si mko na kengele?" alisema Wafula, akifunga aproni ya mama. "Pigeni kengele tu, Mzee. Hii si Nairobi kwenda Mombasa. Ni mchezo wa mtoto."

Baba alibaki amepiga magoti, kipande cha reli mkononi. Nilimsihi. Nikasema, "Tafadhali, Baba, leo tu," na nadhani ni neno hilo, leo, lililomshinda.

"Haya," alisema. "Nikipiga mara tatu, unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Mara mbili?"

"Naleta."

"Sikiliza sana. Leo masikio yako ndiyo tokeni."

Nilikwenda chumbani na ile injini nyeusi. Niliikaza springi hadi ufunguo ukakataa kuzunguka, nikaiweka relini, kidole kwenye breki. Nilikuwa na furaha, nisiwafiche. Halafu nikakumbuka kwamba hata sasa, pamoja na yote, hakuwa ameniambia neno. Wafula, ambaye si ndugu yetu, amepanda mabasi mawili kuniletea puto. Baba yangu ameniletea masharti ya reli. Hasira ilinipanda polepole. Nikaona keki ya kesho, keki ya siku isiyo yangu, na nikataka siku hii, yangu, iwe na kelele hata moja.

Kengele ya sebuleni ililia. Ting. Ting. Ting.

Zilikuwa tatu. Nilizisikia wazi, kiyoyozi kilikuwa kimezima kidogo kama kawaida yake. Kisha nikasikia springi ya treni yake ikianza kukoroma kuja kwangu. Nikaachia breki.

Mshindo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, sauti ya kopo lililoanguka. Nilipofika konani, injini nyeusi ilikuwa imebonyea uso, springi yake imechomoka na kujikunjua sakafuni. Ile ya kijani ilikuwa imelala ubavu, magurudumu yakizunguka hewani. Baba alikuja bila haraka. Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye breki ya ile ya kijani, magurudumu yakasimama. Halafu akaingiza vidole chini ya injini nyeusi, pale dereva angekaa, akapapasa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu hai.

"Mwadime," alisema.

Nyumbani kwetu hakukuwa na Mwadime.

"Mwadime, toka."

Kisha akainua kichwa na kuniona. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Nilikwisha kuuona mkanda, ingawa hakuwahi kunipiga. Hakukasirika. Aliniuliza kwa heshima, kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima mwenzake.

"Mghoi, nani alikupa njia?"

"Wewe."

"Nilipiga ngapi?"

"Mbili."

"Mbili," alisema.

"Ndiyo, Baba. Ulipiga mbili."

Alinitazama machoni, nami sikupepesa. Watoto hawapewi sifa wanayostahili kwa uongo. Tunaijua kazi yake vizuri. Akageukia jikoni. "Wafula, nilipiga ngapi?"

Anko Wafula alitokea mlangoni, mwiko mkononi, jasho likimtiririka. "Aai, Mzee, mimi nilikuwa nasonga, sikuhesabu. Wacha tu. Ajali haina kinga."

Nilingoja jibu la baba, lile la siku zote. Nililingoja kweli, kwa kuwa lingenionyesha kwamba mambo yamekwisha. Baba hakujibu. Aliitazama mikono yake, upande huu na upande huu, kisha akaziokota treni zote mbili na kuzifunga kwenye foronya zake. Ile ya kijani aliifunga springi ikiwa bado imekazwa. Mimi, mwanafunzi wake, niliona, wala sikusema kitu.

Kesho yake alileta keki. Aliiwasha mishumaa kumi mwenyewe, akaimba kwa sauti iliyokauka, akanibusu utosini. Nilikula vipande viwili. Nilijiambia kwamba amesahau, na kwamba kuvunja kitu cha baba si jambo kubwa kama nilivyoogopa.

Hakutandika reli tena. Kwa wiki kadhaa nilimkuta akiitafuta ile pete, amejiinamia chini ya kochi baada ya kutoka kazini, bado na sare. Pete ilikuwa imehama kutoka kwenye mkoba hadi kwenye soksi, na kutoka kwenye soksi hadi kwenye kopo langu la rangi. Kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kuirudisha, na mwishowe akaacha kutafuta. Zile injini nyingine tano alizigawa moja moja kwa watoto wa kanisani. Na akaanza tabia mpya. Tukiwa kwenye lifti, tunashuka, angesema, "Mghoi, hebu rudi uniangalizie, nimefunga gesi?" Amefunga. "Na mlango?" Nao amefunga. Mama alimcheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka.

Mwaka uliofuata kampuni yake ilitaka kumpandisha cheo. Walikuwa wanafungua ofisi Lusail, mji ule ulipokuwa bado ni mchanga na kreni za ujenzi tu, na walitaka mtu mtulivu wa kukaa kwenye chumba cha kamera, na redio, kuwaelekeza walinzi wengine. Wafula alikuja mbio kutupa habari, akacheza ngoma palepale mlangoni. Baba alikataa. Usiku wala mchana mama hakuweza kumgeuza. Niliwasikia kupitia ukutani, mama akiuliza ni mwanaume gani anayependa jua la getini, na baba akijibu kwa sauti ya chini, "Mimi si mtu wa kuachiwa kengele." Nilidhani ni unyenyekevu. Alibaki getini, akiinua na kushusha chuma, hadi mkataba wa mama ulipokwisha wakarudi kwetu Taita. Mimi wakati huo nilikuwa nimekua na kufuata kazi ya mama ya uuguzi, nikabaki. Uzito wa mizigo ulikuwa umezidi, kwa hiyo sanduku la ngozi likabaki nami.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nilisahau, na huo ndio ukweli wa aibu. Uongo wa mtoto ni mwepesi kwa aliyeusema. Nilipofika utu uzima niliukumbuka kama utundu mdogo, kitu cha kumsimulia siku moja tukiwa tumekaa, acheke.

Mwaka juzi moyo wake ulisimama akiwa shambani. Nilipanda ndege kwenda kumzika. Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, asubuhi moja nilikaa na mama jikoni tukichambua maharagwe, na kwa kuwa siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa inakaribia, nikamuuliza kwa nini keki yangu ilikuwa ya siku ya pili yake.

Mama aliendelea kuchambua. Aliniambia kwamba siku niliyozaliwa, mashine ya tokeni ya kituo cha baba ilikuwa imeharibika, na kwa wiki nzima walikuwa wakifanya kazi kwa kengele na simu tu. Baba alikuwa amepata habari kwamba mkewe ameshikwa na uchungu, na uchungu ni mbaya. Treni ya mizigo ilikuwa inangoja kutoka, dereva wake Mwadime, rafiki yake, aliyewasimamia harusi yao. Baba akaituma. Akaijulisha stesheni ya pili kwa kengele. Kisha akadandia lori la mkonge kuja hospitalini, na alikuwa amenipakata, akinihesabu vidole, mtu alipoingia wodini kumwambia. Treni mbili zilikuwa zimekutana njiani. Mwadime na msaidizi wake walikufa pale pale.

"Wa stesheni ya pili aliapa kwamba baba yako alimpa njia," alisema mama. "Baba yako akaapa kwamba alimwambia asubiri. Neno la huyu na neno la yule. Wakubwa wakawafukuza wote wawili, yakaisha."

"Na wewe ulimwamini nani?"

"Nilimwamini mume wangu. Yeye mwenyewe alijiamini. Ndiyo nguvu aliyokuwa nayo, Mghoi. Kila mwaka siku hiyo aliwafungia saumu Mwadime na mwenzake, lakini aliwafungia kama rafiki, si kama muuaji." Aliokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Miaka kumi alikuwa hivyo. Halafu siku moja nikarudi kutoka zamu nikamkuta ameketi gizani. Akaniambia, 'Mama Mghoi, ni mimi. Sasa najua. Leo nimepiga kengele mbili nikidhani nimepiga tatu. Mtoto amezisikia. Mkono wangu hausemi ninachokusudia.' Tangu siku hiyo sikumpata tena."

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama, akingoja, na uso wake ulikuwa umechoka sana. Nikasema maji yamekwisha, nikachukua ndoo, nikatoka nje. Bomba lilikuwa hatua ishirini. Nilikaa huko hadi ndoo ikafurika ikamwagika miguuni.

Kwa hiyo ninyi ndio wa kwanza kuambiwa. Nilikuwa nikidhani nilivunja treni ya kuchezea ya baba. Kumbe mwanaume yule alikuwa amesimama mbele ya mtoto wake na kumuuliza swali lile lile aliloulizwa mbele ya wakubwa, akiwa tayari kuamini jibu lolote, nami nikamhukumu kwa neno moja kwa sababu ya keki. Hakumwamini mwenzake wa reli. Hakuwaamini wakubwa. Aliniamini mimi.

Baada ya kutoka kwa fundi cherehani nilipanda nyumbani, nikavuta sanduku la ngozi kutoka chini ya kitanda. Sikuwa nimelifungua tangu waliponikabidhi. Harufu ilikuwa ile ile. Niliifungua foronya ya injini ya kijani, nikaileta mezani, nikatoa ile pete kwenye lile kopo la rangi ambamo sasa naweka nyuzi na sindano, nikaiweka kando yake. Niliigeuza injini magurudumu juu, kama alivyonifundisha. Sikutarajia kitu; springi ikikaa imekazwa huchoka. Nikaachia breki.

Magurudumu yalizunguka. Polepole, kwa kukwaruza, labda muda wa pumzi tatu nne, ile safari iliyokuwa imebaki kutoka konani hadi chumbani kwangu. Kisha yakanyamaza yenyewe.

"Ulipiga tatu, Baba," nilisema kwa sauti, ndani ya nyumba isiyo na mtu. "Nilizisikia zote tatu."